Mji mkuu uliolaza dola: uchambuzi wa kisa cha furaha ya raia katika Civilization V

Usuli

Kisa hiki kinatoka kwenye mchezo mmoja wa Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu, ukiwa na nyongeza yake ya mwaka 2013, Brave New World. Mchezaji, ambaye hapa namwita M., alinipa faili alizokuwa akihifadhi karibu kila zamu, na nimezipitia kwa ruhusa yake. Jina lake, mji anakoishi na kikundi anachocheza nacho nimeviacha nje. Ujumbe uliokuja na faili hizo ulikuwa mfupi: "Kaka, nimeteka mji mkuu wa jirani halafu dola yangu yote ikalala. Jeshi ninalo, hela ipo, ila raia hawana furaha. Angalia nimekwama wapi."

Nakiandika kwa urefu kwa sababu jibu ambalo wachezaji wengi hupewa, yaani "jenga viwanja vya michezo", haligusi chanzo cha tatizo lake. M. alikuwa amejenga viwanja hivyo katika kila mji. Aliteleza mahali pengine kabisa, na palikuwa panaonekana kwenye hesabu zake kabla ya mshale wa kwanza kurushwa.

Kwa wasioufahamu mfululizo huu: tangu mchezo wa kwanza wa Sid Meier na Bruce Shelley mwaka 1991, mtawala amekuwa akidaiwa furaha ya watu wake. Katika matoleo ya mwanzo kila mji ulikuwa na hali yake. Wenye hasira wakizidi wenye furaha, mji huo unaingia katika fujo na kazi zinasimama, lakini mji wa pili unaendelea na shughuli zake. Civilization V ya mwaka 2010 ilibadilisha jambo hilo. Dola nzima ina alama moja ya furaha, ile inayokaa juu ya skrini pamoja na uso unaotabasamu au kukunja. Civilization VI, mwaka 2016, ikarudi kwenye hesabu ya mji mmoja mmoja. Kisa hiki hakiwezi kueleweka bila alama hiyo ya pamoja, maana ndiyo inayofanya mji uliotekwa mpaka wa mashariki uzuie watoto kuzaliwa katika mji wa magharibi.

Kanuni zenyewe, kwa ramani ya ukubwa wa kawaida, ni hizi. Kila mji unatoa alama 3 za huzuni kwa kuwapo tu, na kila raia 1. Kila aina ya kitu cha anasa uliyo nayo (hariri, divai, chumvi, pembe za ndovu na kadhalika) inaleta furaha 4, ila nakala ya pili ya kitu kilekile haileti chochote. Majengo kama Kolosiamu na Sarakasi yanaleta 2 kila moja, na kwenye ngazi ya ugumu iitwayo Prince unaanza na akiba ya 9. Alama ikishuka chini ya sifuri, ukuaji wa miji unapungua kwa asilimia 75. Ikifika hasi 10 ukuaji unasimama kabisa, huwezi kuandaa walowezi, na waasi wanaanza kujitokeza ndani ya mipaka yako. Wanaocheza Unciv kwenye simu watazitambua kanuni hizi, maana mchezo huo umejengwa juu ya mfumo huohuo.

Hali ilivyokuwa kabla ya vita

M. alichagua Wazulu wa Shaka kwenye bara moja kubwa, ngazi ya Prince, mwendo wa kawaida. Ni chaguo la mtu anayetaka vita. Impi, kikosi chao maalumu, hurusha mkuki kabla ya kugusana na adui, matunzo ya vikosi vya Kizulu vya mapigano ya ana kwa ana ni nusu ya gharama, na kambi zao za Ikanda huwapa askari mbinu za pembe za nyati ambazo hakuna mwingine anazo. Mpango wake ulikuwa ushindi wa kuteka miji mikuu yote.

Kufikia zamu ya 96 alikuwa na miji minne yenye raia 11, 7, 6 na 5. Huzuni yake ilikuwa 12 za miji na 29 za raia, jumla 41.

Upande wa furaha alikuwa na 51. Zile 9 za kuanzia. Anasa sita, sawa na 24. Kolosiamu katika miji yote minne, 8. Sarakasi mbili katika miji iliyo karibu na tembo, 4. Sera ya Military Caste, ambayo hutoa furaha 1 kwa kila mji wenye kikosi cha ulinzi ndani yake, 4. Na maajabu mawili ya asili ambayo mpelelezi wake aliyagundua mapema, 2.

Tofauti ikawa chanya 10. M. aliiangalia alama hiyo akaona ana nafasi ya kutosha ya miji miwili mipya. Hapo ndipo kisa kinapoanza.

Kati ya zile anasa sita, tatu zilikuwa za ardhi yake: pembe, chumvi na ubani. Tatu zilizobaki alizipata kwa mikataba. Divai ilitoka kwa jirani wa mashariki, hariri kwa jirani wa magharibi, na lulu kwa dola ya mbali upande wa kusini. Mikataba hiyo kwa mwendo wa kawaida hudumu zamu 30, halafu inabidi ijadiliwe upya. Anasa tatu ni furaha 12. Ukiziondoa, M. alikuwa na hasi 2 akiwa bado hajatoka nyumbani.

Mfululizo wa matukio

*Zamu ya 96.* M. anatangaza vita dhidi ya jirani wa mashariki. Mikataba yote kati yao inavunjika papo hapo na divai inaondoka nayo. Alama inashuka hadi 6. Katika zamu chache zinazofuata anatoa vikosi vya ulinzi katika miji miwili ya nyumbani na kuvipeleka mbele, na Military Caste inapoteza 2. Sasa ana 4.

*Zamu ya 103.* Mji wa kwanza unaanguka ukiwa na raia 3 waliobaki. Anaufanya kibaraka, yaani mji unaojiendesha wenyewe chini ya bendera yake. Mji kibaraka unahesabiwa kama mji wa kawaida: 3 na 3, jumla 6. Alama inakuwa hasi 2. Ardhi ya mji huo ina chumvi tu, ambayo tayari anayo.

*Zamu ya 104 hadi 110.* Njiani kuelekea mji mkuu, Impi zake zinajeruhiwa na wapiga mishale. M. anazitibu kwa kupora mashamba ya adui, kwa kuwa kupora eneo lililoendelezwa hurudisha afya ya kikosi na kuleta dhahabu kidogo. Kati ya maeneo aliyoyapora ni mashamba ya mizabibu yaliyouzunguka mji mkuu.

*Zamu ya 111.* Mji mkuu unaanguka na raia 5. Mji mkuu wa asili hauwezi kuteketezwa, kwa hiyo chaguo lake ni mawili: kibaraka, au kuuingiza rasmi katika dola. Anauingiza rasmi zamu hiyohiyo. Mji uliokaliwa kwa nguvu bila mahakama hutoa huzuni 5 badala ya 3, na kila raia hutoa 1.34 badala ya 1. Kwa raia 5 hiyo ni karibu 12. Alama inatua kwenye hasi 14.

*Zamu ya 113.* Anajaribu mji wa tatu. Huzuni hupunguza nguvu ya vikosi vitani, na shambulio ambalo zamu ishirini kabla lingefaulu linavunjika. Anapoteza Impi mbili.

*Zamu ya 114.* Mkataba wa hariri unafika mwisho. Jirani wa magharibi, aliyekuwa na tamko la urafiki na mashariki, ameshamlaani M. hadharani na hataki tena biashara. Hasi 18.

*Zamu ya 116.* Waasi wanajitokeza karibu na mji wa pili wa nyumbani, mmoja wa ile miwili isiyo na kikosi, na kupora mgodi wa chumvi. Hapa bahati ilimsaidia. Chumvi ya mji kibaraka, nakala ambayo mpaka hapo haikuwa na faida yoyote, ikashika nafasi ya ile iliyoharibika. Bila hiyo angefika hasi 22.

Maamuzi na sababu zake

Nilimuuliza M. sababu ya kila hatua kubwa, na majibu yake hayakuwa ya mtu mzembe.

Divai alijua ataipoteza. Alihesabu kwamba mizabibu ileile iko kwenye ardhi ya mji mkuu anaoufuata, hivyo akiuteka ataipata bila kulipia. Hesabu ni sahihi. Ila kichwani mwake vitu viwili havikuungana: mizabibu iliyokuwa sehemu ya mpango, na mizabibu aliyoipora zamu ya 108 kuokoa Impi moja. Eneo la anasa lililoporwa halitoi anasa mpaka kibarua alitengeneze, na vibarua wake wote walikuwa nyumbani.

Kuhusu kuuingiza mji mkuu rasmi, alitaka kununua askari palepale mpakani ili aendelee na mji wa tatu bila kusubiri. Mji kibaraka haununuliwi kitu. Nia hiyo naielewa, lakini mji uliotekwa huwa katika upinzani kwa idadi ya zamu zinazolingana na raia wake, na ukiwa katika upinzani hauzalishi na haununuliwi chochote. Raia 5 maana yake zamu 5. M. alilipa gharama ya mji uliokaliwa kuanzia zamu ya 111 hadi ya 116 na katika muda huo hakuweza kufanya humo jambo hata moja ambalo kibaraka asingeliweza.

Vikosi vya nyumbani alivitoa kwa sababu hakuwa na adui upande huo. Aliviona kama ulinzi tu. Furaha iliyokuwa ikitoka kwao alikuwa ameisahau, kwani sera ile aliichukua mapema na kuanzia hapo ilikuwa ikifanya kazi kimya.

Hariri ndiyo jambo ambalo hakulifikiria hata kidogo. Jirani wa magharibi hakuwa kwenye vita.

Baada ya zamu ya 116 M. alisimama, na maamuzi yaliyofuata yalikuwa mazuri zaidi. Zamu ya 117 aliomba amani, akalipwa dhahabu na jirani aliyebakiwa na miji miwili. Dhahabu hiyo pamoja na nyara za mji mkuu akainunulia mahakama mara upinzani ulipokwisha, na ile ziada ya ukaliaji ikaondoka: karibu alama 4. Vikosi viwili vikarudi nyumbani, vikawaondoa waasi na kurudisha alama 2. Kibarua akatumwa mashariki, na zamu ya 122 divai ikaanza kuingia, alama 4 nyingine. Alikuwa hasi 8.

Kisha akaigeukia miji huru, yaani dola ndogo za mji mmoja mmoja zilizoko kwenye ramani. Zawadi yake ya kwanza ya dhahabu ilikwenda kwa mji huru wa kijeshi, uliompa kikosi cha bure ambacho hakukihitaji. Ya pili ilikwenda kwa mji huru wa kibiashara. Miji ya aina hiyo ina anasa zake ambazo hazichimbwi wala kulimwa popote kwenye ramani, vyombo vya kauri na mapambo ya vito, na urafiki wake peke yake nao huongeza furaha. Zamu ya 126 alikuwa karibu na sifuri. Kolosiamu ya mji mkuu uliotekwa ikamalizika zamu ya 133, akavuka.

Matokeo

Kuanzia zamu ya 103 hadi ya 133 M. alikuwa chini ya sifuri. Ni zamu 30, urefu wa mkataba mmoja wa biashara.

Dola haikuvunjika na hakupoteza mji. Alichopoteza ni wakati, na kwa Wazulu hiyo ndiyo mali yenyewe. Nguvu ya Impi ina dirisha lake, nalo hufungwa pale majirani wanapopata pinde za msalaba na kuta imara. Alipovuka sifuri jirani wa magharibi alikuwa navyo vyote viwili. Raia wa nyumbani walibaki 29 kwa muda ambao, kwa mwendo wao wa awali, wangepita 35, na raia wachache ni utafiti mdogo. Mpango wa kuteka miji mikuu yote uliishia kwenye mji mkuu mmoja. Mchezo wenyewe ulikuja kumalizwa na ile dola ya kusini iliyomuuzia lulu, kwa kurusha chombo cha anga za juu.

Uchambuzi: furaha ya kupanga

Kiini cha kisa ni zile alama 12 za mikataba. M. alizihesabu kama mtu anayehesabu nyumba aliyopanga kuwa mali yake. Zilikuwa kwenye jumla, zilifanya kazi sawa na pembe na ubani, na uso wa juu ya skrini ulitabasamu vilevile. Mchezo hauzitengi kwenye ile alama kubwa. Lakini ukiweka kishale juu ya alama na kufungua mchanganuo, kisha ukafungua orodha ya mikataba, unaona nani ameshika nini na kwa zamu ngapi. M. hakuwahi kuifungua orodha hiyo akiwa anapanga vita. Aliitumia kama soko tu.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa yeyote anayetaka kuteka mji katika toleo hili: ondoa anasa zote za mikataba kwenye alama yako, ndipo uone umesimama wapi. Sisemi biashara ni mbaya. Kubadilishana nakala ya ziada ya chumvi kwa hariri ni mojawapo ya mambo yenye faida kubwa katika mchezo mzima, kwani unatoa kitu kisichokuletea chochote na kupokea alama 4. Ila alama hizo zina mwenyewe, na mwenyewe ana macho. Anakuona unavyomtendea mwenzake.

Ndiyo sababu upotevu wa hariri unanigusa kuliko ule wa divai. Divai ilikuwa gharama ya wazi ya vita. Hariri ilipotea kwa sababu ya tamko la urafiki kati ya mashariki na magharibi, na tamko hilo lilikuwa likisomeka kwenye skrini ya diplomasia tangu zamu ya 70. Mtu aliyepanga vita vizuri angejiuliza: nikimpiga huyu, nani ataacha kuniuzia? Jibu lilikuwepo, pamoja na tarehe, kwani mkataba ulionyesha zamu ya mwisho kuwa 114. M. angekuwa na zamu 18 kamili za kutafuta mbadala.

Kuna upande wa pili wa zile alama 10 ambao wachezaji wa vita huudharau. Furaha iliyozidi haikai bure. Kila zamu inaingia kwenye akiba ya zama za dhahabu, na ikijaa dola nzima inapata zamu 10 za uzalishaji na mapato makubwa. M. aliiona ziada kama nafasi tupu ya kujaza miji. Faili zake zinaonyesha alikuwa amevuka nusu ya safari kuelekea zama hizo zamu ya 96. Alama ilipokuwa hasi, akiba ile ikaanza kuliwa.

Kibaraka, rasmi, au moto

Kuhusu mji mkuu sina mashaka: ungefanywa kibaraka kwanza. Gharama ingekuwa 8 badala ya karibu 12 wakati wote wa upinzani. Upinzani ukiisha, unauingiza rasmi na kununua mahakama katika zamu ileile, hivyo ile bei ya ukaliaji huilipi kabisa. Sharti ni kuwa na dhahabu mkononi siku hiyo. M. alikuwa nayo. Nyara za mji mkuu zilikaa hazina zamu sita bila kazi.

Mji wa kwanza ni mgumu zaidi, na hapa sitegemei kila mtu akubaliane nami. Ulikuwa mdogo, haukuwa na anasa mpya, na ulidai alama 6. Kwa hesabu ya zamu ile ulistahili kuteketezwa. Uteketezaji huchukua zamu moja kwa kila raia, na katika muda huo mji hutoza bei ya mji uliokaliwa, kwa hiyo maumivu yanakuwa makali kwa zamu tatu kisha yanaisha. Lakini ni mji huohuo uliookoa alama 4 waasi walipopora mgodi wa nyumbani. Mtu anaweza kusema nakala ya pili ya anasa ni bima. Jibu langu ni kwamba waasi wenyewe walikuja kwa sababu alama ilipita hasi 10, na mji huo ulikuwa sehemu ya uzito ulioivuta huko.

Kilichofaulu katika uokoaji

M. alipoamua kusimama, alisimama kweli. Wengi wakifika hasi 18 huendelea kupigana wakitumaini kwamba mji unaofuata una anasa ya kuwaokoa. Yeye alikubali amani akiwa bado na jeshi la kutisha, na ndiyo maana jirani alilipa.

Jambo la pili lililofaulu nalisifu zaidi kwa sababu halionekani kwa urahisi. Alama ilipokuwa chini ya hasi 10, alihamisha raia wa nyumbani kutoka mashambani kwenda migodini na kwenye misitu, akibakiza chakula cha kutosha watu wasipungue. Ukuaji umesimama, kwa hiyo chakula cha ziada kinapotea bure. Kwa zamu kumi hivi miji yake ilizalisha zaidi ya ilivyokuwa kabla ya vita, na huko ndiko kulikotoka vibarua wapya waliotengeneza mizabibu na mgodi.

Zawadi kwa mji huru wa kijeshi ilikuwa hasara tupu. Mpangilio wa miji huru kwenye ramani huujui mapema, lakini aina ya kila mmoja inaonekana mara unapokutana nao, na ule wa kibiashara alikuwa ameshakutana nao tangu zamu za mwanzo. Dhahabu ile ingemvusha sifuri mapema zaidi, pengine zamu tano.

Majengo sijayasemea sana, na sababu ni kwamba hayakuwa tatizo. Kumbuka tu kwamba furaha ya majengo ndani ya mji haiwezi kuzidi idadi ya raia wa mji huo. Kijiji cha watu wawili ukikijengea Kolosiamu na Sarakasi, unapata 2 na siyo 4.

Vita ileile, kwa mpangilio mwingine

Mimi na M. tuliifungua faili ya zamu ya 95 tukairudia vita ileile, na jeshi lilelile. Dhahabu yote ya akiba ilikwenda kwanza kwa mji huru wa kibiashara, na kauri zikaingia kabla ya vita kutangazwa: alama ikawa 14 bila kuhesabu furaha ya urafiki wenyewe. Katika miji miwili ya nyumbani tuliacha vikosi vya zamani vya mikuki vikae ndani, kwani Military Caste haiulizi ubora wa askari. Vita ilipotangazwa divai ikaondoka, tukabaki na 10.

Mji wa kwanza tuliuteketeza. Alama ilishuka hadi 1 zamu ulipoanguka, ikapanda kila raia alipopungua, na ulipokwisha tukarudi 10. Impi zilizojeruhiwa tulizitibu kwa kupora mashamba ya ngano, mizabibu haikuguswa. Hilo lilituchelewesha kidogo: mji mkuu ulianguka zamu ya 113. Ukawa kibaraka, alama 8 zikaondoka, divai ikarudi zamu hiyohiyo na 4 zake. Tulikuwa na 6.

Hariri iliondoka zamu ya 114 kama mara ya kwanza. Magharibi walitulaani kwa maneno yaleyale. Tukabaki na 2, miji inakua, waasi hawakuonekana, na Impi zote zikiwa na nguvu kamili mbele ya mji wa tatu. Upinzani ulipokwisha zamu ya 118 tuliuingiza mji mkuu rasmi na kununua mahakama kwa nyara zake. Mji wa tatu ulianguka zamu ya 121, nao ulikuwa na viungo vya chakula, anasa ambayo hatukuwa nayo.